Jeraha Nililolitia Gundi

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanajua waliponiacha: mzee wa miaka sitini na saba nimesimama nyuma ya mlango wa kibanda changu cha viatu, suruali magotini, kopo la gundi mkononi, namwomba Mungu asimlete mteja.

Aliyeingia leo nitamfupishia, maana aibu ndefu haisimuliwi mara mbili. Mke wangu alikwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Akakaa miezi mitano. Mwishowe akapiga simu: Jumamosi anarudi.

Kwa furaha ile, Jumanne nikaamua kujinyoa zile sehemu zisizotajwa mbele ya wakwe. Wembe wa dukani siuamini. Nikachukua kisu changu cha kuchongea ngozi, ambacho nimekinoa miaka thelathini na minane mpaka leo kinaweza kumnyoa mtu kivuli chake na mwenyewe asihisi ubaridi.

Kikateleza.

Sasa, fundi wa viatu akiona ngozi imefunguka hafikirii hospitali. Anafikiria gundi. Unasafisha, unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka isinate kidoleni, kisha unakutanisha na kubana. Ndivyo nilivyofanya. Nilitoa ukelele mmoja tu, na jirani aliyeuliza nikamwambia nimejipiga nyundo kidoleni.

Hapo ndipo tulipoachana. Ningekuwa na akili, hadithi ingeishia hapo.

Jumatano asubuhi akaja fundi wa mapazia. Duka lake linatazamana na kibanda changu. Ni mjane, na tumetaniana miaka minne bila ya kudhurika mtu. Alileta kiatu kilichong'oka kisigino.

"Mzee Soli," akasema, maana ndilo jina nililopewa mtaani, "leo mbona unatembea kama umeshuka punda sasa hivi?"

"Ni mgongo."

"Mgongo huo umeteremka sana."

Nikacheka. Yeye akacheka zaidi. Akasema kisigino kikiwa tayari nimpelekee mwenyewe dukani, kuna chai.

Nilipeleka kisigino. Sitaeleza yaliyofuata. Nitasema tu kwamba mlango wa duka lile hufungwa kwa ndani, na kwamba nilikuwa na miguu miwili ya kuondokea, sikuitumia hata mmoja. Redio yake ilikuwa inasoma habari ya saa tisa.

Gundi ile hushika soli ya askari miaka mitatu, mvua na jua. Lakini haikutengenezwa kwa kazi niliyoipa siku hiyo. Jeraha likafunguka. Nilipokuwa navaa nikaona damu kwenye kipande cha bitana, kile kitambaa cha ndani ya pazia.

"Umeumia?" akauliza.

"Kidonda cha zamani."

"Cha zamani kinatoka damu mpya?"

Kinga hatukutumia. Mimi sikumuuliza kama amewahi kupima, wala yeye hakuniuliza. Wazee tukifika pale hujiona kama tumeshavuka mto ambao mamba wake ni wa vijana tu.

Alhamisi nikatia gundi tena. Ijumaa pakavimba. Jumamosi alfajiri nikawa siwezi kukaa, siwezi kusimama, na mke wangu anafika jioni.

Zahanati ya karibu sikwenda, wote pale wananijua. Nikapanda basi moja, nikashuka, nikapanda la pili, mpaka upande wa pili wa mji ambako hata mbwa wake sijawahi kuwatengenezea viatu. Nikajiandikisha. Nikaambiwa chumba namba nne. Nikabisha, nikaingia, nikafunga mlango.

"Shikamoo, Baba."

Alikuwa mkwe wangu. Mume wa binti yangu wa pili.

"Marahaba," nikasema. "Kumbe umehamia huku?"

"Nimeletwa kushikilia, mwenzangu yuko likizo. Karibu uketi, Baba."

"Nimepita tu kusalimia."

"Kutoka kule kwetu, mabasi mawili?"

Inafaa mjue mkwe huyu nilimpokeaje. Miaka minane iliyopita alipokuja kuposa, nilimketisha sebuleni mbele ya wazee wake na wazee wangu, nikamwambia maneno mazuri sina haja nayo. "Binti yangu simpi mtu kwa kumtazama usoni. Nenda kapime, magonjwa yote ya siri, uniletee cheti." Kijana wa watu aliinamisha kichwa. Wiki iliyofuata akaleta cheti ndani ya mfuko wa nailoni. Nikakipokea, nikakiinua dirishani, nikakitazama kwenye mwanga kama noti ya bandia, wazee wakinitazama. Ndipo nikasema, haya, tuendelee.

Huyo ndiye aliyekuwa anavaa glavu mbele yangu.

"Nini kimekupata, Baba?"

"Msumari. Wa kiti. Nilikuwa naketi."

"Uliketi kwa mbele?"

Nikaushika mkanda wa suruali.

"Itabidi nitazame," akasema.

"Hakuna tabibu mwingine?"

"Yupo wa meno."

Nikafikiria sana kuhusu yule wa meno. Mkwe akavuta pazia la kitanda. Akaona mikono yangu imeganda kwenye mkanda wa suruali, akasema kwa upole, "Baba, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa watano, na mmoja unaye nyumbani kwako. Nina haki ya kuficha."

Hata hivyo nikafungua. Nilitazama dari. Dari ile ilikuwa na mbao kumi na saba na doa moja la maji, na mpaka leo naweza kuichora.

Aliinama, akanusa mara mbili.

"Baba, hii ni gundi."

"Gundi gani?"

"Ya viatu. Naijua harufu yake. Viatu vyangu vya harusi ulivishona wewe, vilinuka mpaka keki ikasusiwa."

Akachukua mafuta na pamba, akawa anailainisha ile gundi kidogokidogo, bila kuvuta. Akasafisha, akafunga vizuri. Akanichoma sindano ya pepopunda. Hakucheka. Ningependa sana kama angecheka.

Kisha akaketi mezani, akashika kalamu, akabadilisha sauti. Ikawa ile sauti ambayo tabibu huwatolea watu wote.

"Tangu uumie, umekutana na mtu kimwili?"

"Mama yenu hayupo miezi mitano."

"Sijauliza Mama yuko wapi."

"Hapana," nikasema. "Sijakutana na mtu."

Akaandika. Niliiona kalamu ikiandika: hapana.

"Vizuri," akasema. "Ndiyo maana nauliza. Jeraha la pale si kama la mkononi. Rudi Jumanne tubadilishe bandeji. Na kisu kile, Baba, kibaki kwenye viatu."

Nikatoka. Sijui kama mnajua furaha ya mwongo aliyeaminiwa. Nilitembea ile korido kama mwenye duka.

Mwisho wa korido palikuwa na watu wameketi kwenye mabenchi, na muuguzi mmoja mnene amesimama mbele yao anawapa somo, sauti yake imejaa kama ya mnadishaji. Nilitaka kupita. Njia ilikuwa imezibwa na miguu ya watu.

"Ngozi ni ukuta," alikuwa anasema. "Ukuta ukipata ufa, hata ufa usiopitisha uzi, wadudu wanapita. Mtu kajinyoa kajichubua. Mtu kajikuna mpaka pakatoka maji. Mtu ana kipele akakitumbua. Halafu huyohuyo anakwenda kulala na mtu bila kinga. Kaswende inaingia. Malengelenge yanaingia. Homa ya ini inaingia. Virusi vya UKIMWI vinaingia, tena haraka kuliko kwenye ngozi nzima. Na mwenye jeraha naye akiwa anavyo, anampa mwenzake kwa damu yake."

Bibi mmoja mwenye mkongojo akasema, "Muuguzi, sisi wazee hayo yanatuhusu nini? Sisi tumekuja kwa ajili ya macho."

"Bibi, wadudu hawaulizi mtu mwaka wa kuzaliwa."

"Wangu wangeuliza wangecheka."

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa karakana, mikono imejaa grisi, akainua kidole. "Na ambaye ameshalala na mtu hivyo, ndiyo basi tena?"

"Siyo basi. Kuna vidonge vya kuzuia virusi visishike. Lakini lazima uanze ndani ya siku tatu. Saa sabini na mbili, na ukiwahi mapema ndiyo bora zaidi. Ukija umechelewa, hatuna la kukupa, tunakupima na kungoja."

Nikasimama pale. Mikono ikaanza kuhesabu yenyewe. Jumatano saa tisa mpaka Alhamisi saa tisa. Alhamisi mpaka Ijumaa. Ijumaa mpaka leo.

Ukutani saa ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi.

Nilikwenda mpaka getini. Hilo nalikiri pia. Nilifika getini, nikamwona muuza maji ananitazama, nikanunua chupa ya maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Nikajiambia fundi wa mapazia ni mwanamke msafi, duka lake hufagiwa mara mbili kwa siku. Nikajiambia kwamba kama ni ugonjwa, kwa umri wangu, utanikuta nimeshakufa kwa mengine.

Halafu nikamfikiria mke wangu, alivyokaa miezi mitano akimgeuza dada yake kitandani. Anashuka basi leo jioni. Huyo alikuwa hajamfanya mtu chochote.

Nikarudi. Nje ya chumba namba nne palikuwa na foleni ya watu watano. Nikawapita wote. Mama mmoja akanishika koti: "Mzee, kuna mstari." Nikamwambia, "Mimi nimesahau kitu changu ndani." Na kweli nilikuwa nimekisahau.

Mkwe alikuwa anampima mtoto homa. Aliponiona akamwomba mama wa mtoto atoke naye kidogo.

"Baba, umesahau nini?"

"Ile hapana uliyoiandika," nikasema. "Ifute."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Nilimwona anavyoelewa, kuanzia kwenye nyusi mpaka mabegani. Akavuta lile faili polepole.

Nilingoja anidai cheti. Naapa, nilikuwa nimejiandaa. Angesema tu, "Baba, mimi niliambiwa nilete cheti," ningepokea na tungekuwa sawa. Hakusema. Alikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ilikuwa lini?"

"Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa. Redio ilikuwa inasoma habari."

Akatazama saa yake. "Kinga?"

"Hakuna."

"Jeraha lilikuwepo tayari?"

"Lilikuwepo. Nilikuwa nimeshalitia gundi."

"Baba, gundi si ngozi."

"Leo nimejua."

"Hali ya huyo mwenzako unaijua?"

"Namjua kwa mapazia tu."

Akanichoma kidole, akachukua na damu ya mkononi. Tukangoja. Tulikuwa wanaume wawili katika chumba kimoja, tunakitazama kijiplastiki kidogo mezani kama watu wanaongoja chungu kichemke. Mstari ukatokea mmoja.

"Huna virusi," akasema. "Lakini kipimo hiki kinasema ya zamani. Ya Jumatano hakiyajui bado."

Akafungua kabati, akatoa chupa nyeupe. Kidonge kimoja kila siku, saa ileile, siku ishirini na nane, bila kuruka hata moja. Cha kwanza nikakimeza mbele yake kwa yale maji ya getini. Nikaona kumbe sikuyanunua bure.

Akaandika karatasi ndogo. Haikuwa na jina, ila nambari na maneno machache. "Hii mpe huyo mwenzako. Aje apimwe, naye apate dawa kama inafaa. Damu yako ilimgusa."

"Lazima nimpe mimi?"

"Unataka nimpelekee mimi?"

Nikaitia mfukoni mwa koti, pamoja na chupa ya dawa.

"Na Mama," akasema, kisha akakwama. Yule tabibu akaondoka, akabaki mkwe. Aligeuza uso akaisoma kalenda ya ukutani yote. "Kwa Mama, mpaka kidonda kifunge kabisa, hapana. Kikifunga, ni kondomu, mpaka vipimo vya miezi mitatu vitoke safi."

"Nitamwambia nini?"

"Siri yako, Baba, haitoki hapa. Hata binti yako hatajua. Lakini mimi natibu tu, uongo sishoni. Mama akiniuliza, nitamwambia akuulize wewe."

Basini nilishughulika na kushona huo uongo mwenyewe. Nilianza na msumari wa kiti, nikauona mfupi. Nikaongeza mgongo. Nikaongeza tabibu mkali aliyekataza mambo yote ya ndoa miezi mitatu kwa sababu ya mshipa. Kufikia kituo cha mwisho mshipa ule ulikuwa umenenepa kiasi kwamba mimi mwenyewe nilianza kuuonea huruma.

Nikafungua mlango wa nyumbani saa tisa kamili. Jioni ilikuwa bado mbali.

Sanduku la mke wangu lilikuwa katikati ya sebule.

"Basi limewahi," akasema. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ameshafagia, ameshateremsha mapazia yote na kuyaloweka. Madirisha yalikuwa wazi, mwanga umejaa kila pembe. "Miezi mitano hukufua pazia hata moja, wewe mzee? Njoo nikuone. Mbona umekonda hivyo?"

Akanikumbatia. Nikajipinda kidogo, bandeji isiguswe.

"Mgongo," nikasema.

"Pole. Lete koti, uketi."

Kabla sijakumbuka kilichomo mfukoni, alikuwa ameshanivua. Alipokuwa analitundika, koti likalia kama njuga.

Mke wangu alikuwa mpishi wa hospitali miaka ishirini na miwili. Alipeleka chakula wodi kwa wodi, akasimama kungoja sahani huku wagonjwa wakimeza dawa zao baada ya kula. Vidonge vya mji huu anavijua kwa rangi na ukubwa, kama mimi ninavyojua visigino. Akatia mkono mfukoni, akatoa chupa. Akaifungua. Akaweka kidonge kimoja kiganjani, akakisogeza dirishani, kwenye mwanga.

Nikakumbuka cheti.

Hakupiga kelele. Alikirudisha kidonge ndani, akafunga kifuniko mpaka kikalia.

"Hizi ni za siku ishirini na nane," akauliza, "au ni za maisha?"

Ule mshipa niliounenepesha basini ukafa palepale.

"Za siku ishirini na nane."

"Basi ni jambo la wiki hii."

Mkono wake ulikuwa umeshapata karatasi. Akaisoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma dawa ya mtoto. "Mwenzi wa mgonjwa afike na karatasi hii." Akaniinulia macho. Yalikuwa yamechoka kwa safari, na sasa yakachoka kwa sababu yangu. "Mwenzi ni mimi?"

"Mke wangu, keti kwanza."

"Nimekaa basini saa nane nzima. Nijibu nimesimama. Karatasi hii ni yangu?"

Nikafungua mdomo. Nje, viatu vikapanda ngazi. Kisigino kimoja kilikuwa kinalia kipya kuliko kingine, na mimi nakijua, maana nilikipigilia mwenyewe.

"Huyo ni fundi wa mapazia," mke wangu akasema bila kuniondolea macho. "Nimemtuma jirani amwambie anahitajika huku apime madirisha. Mapazia yale hayafai tena."

Mlango niliuacha wazi nusu, na mke wangu alikuwa nyuma yake, kwenye kulabu za makoti. Fundi wa mapazia akaingiza kichwa, futi ya kupimia imening'inia shingoni, akaniona mimi peke yangu katikati ya sebule, akatabasamu.

"Ni madirisha kweli, Mzee Soli," akasema, "au jeraha limeshapona?"

Mke wangu akatoka nyuma ya mlango. Akamnyooshea ile karatasi.

"Shika," akamwambia. "Kumbe ni yako."

Kisha akausukuma mlango ukajifunga, akazungusha ufunguo, na akautia ndani ya kanga.